Mpira Uliozidi Miaka Kumi

Watumishi wote wanatangaziwa, kwa mujibu wa Waraka wa Usafirishaji namba kumi na nne, kwamba kifaa chochote cha mpira kilichozidi umri wa miaka kumi kitahesabiwa kuwa kimekufa, hata kama kwa macho kinaonekana ki hai. Kwamba chombo chochote chenye kifaa hicho kitaondolewa barabarani bila kujali sifa zake wala machozi ya mwenye kukiendesha. Na kwamba uamuzi wa mkaguzi, ukishapigwa muhuri, hauna rufaa. Neno la machozi halikuwamo kwenye karatasi. Lilikuwamo kwenye sauti ya karani aliyeisoma.

Waraka ulibandikwa kwenye ubao wa idara ya maji Jumatatu asubuhi, kati ya tangazo la paka aliyepotea na orodha ya zamu za kufagia. Kufikia saa nne kila mtu alikuwa ameusoma, na kila aliyeusoma aligeuza shingo kutazama uani. Huko zilisimama pikipiki sita. Tano zilikuwa mpya. Ya sita, ambayo zamani ilikuwa ya buluu na sasa ilikuwa na rangi ambayo hakuna duka linaloiuza, ilikuwa imeegemea mguu wake kivulini kama mzee aliyeambiwa asubiri kidogo tangu juzi. Waraka ulisema "chombo chochote". Watu walielewa ni chombo gani.

Mwendeshaji wake alikuwa msoma mita. Jina la kwenye faili alikuwa nalo, ila lilikuwa la kwenye faili. Mji mzima ulimwita Mama Mita. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiinua vifuniko vya mashimo ya mita, akisalimiana na vyura, akiandika tarakimu, akifunika, akienda zake. Alijua nani anamwagilia bustani wakati wa marufuku, kwa sababu majani hayajui kusema uongo. Alijua kwamba nyuma ya kibao cha "Mbwa Mkali" cha mtaa wa juu kulikuwa na mbwa asiye na jino hata moja, mwenye kupenda kukunwa tumbo. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na akifika sitini angestaafu. Kwa dunia hii alikuwa amebakiza ombi moja tu: hiyo miaka minne aimalize juu ya tandiko, si juu ya kiti.

Kiti chenyewe kilikuwapo na kilikuwa kinamngoja. Kilikuwa kwenye dirisha la malalamiko, mkono wa kushoto wa Bibi Dirisha. Utaratibu wa ofisi ulikuwa kwamba msoma mita akikosa pikipiki anahamia dirishani, kusikiliza watu wakieleza kwa nini maji ambayo hawakuyatumia yamesomwa kuwa wameyatumia. Bibi Dirisha alikuwa amekaa pale peke yake miaka kumi na moja, akiwa na hadithi nyingi na wa kuzisikiliza karibu hakuna. Siku hiyo hiyo saa sita mchana alivuka uani akiwa amekumbatia mto wa kiti, wa kufuma kwa mkono, wenye pindo la maua.

"Nimekufumia tangu mwaka jana," alisema.

"Tangu mwaka jana, na waraka umetoka leo?"

"Dada yangu, pikipiki hiyo ikipita dirishani kwangu, magoti yangu mimi ndiyo yanauma."

"Magoti yako yanauma kwa kukaa."

"Ndiyo maana nikaufanya mnene."

Mama Mita aliupokea mto, akashukuru, akaufunga juu ya tandiko kwa kamba, akaondoka akiwa ameukalia. Bibi Dirisha alitazama kazi ya mikono yake ikipotelea barabarani.

Sasa, ili mtu aelewe kwa nini pikipiki ya miaka kumi na sita ilikuwa bado inawaka, lazima arudi nyuma miaka kumi na miwili, kwenye mlima wa kwenda kisimani. Siku ile ule mpira mwembamba unaopeleka petroli kutoka tangini hadi kwenye injini ulipasuka kiunoni. Fundi wa njiani aliufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akaukaza kwa waya, akaapa kwa jina la mama yake kwamba utamzika mwenye pikipiki. Ulikaa siku mbili. Petroli ilikula tyubu ya baiskeli kama mgeni anavyokula wali wa mwenyeji, kwa adabu na bila kubakisha, kisha ikaanza kudondoka juu ya injini ya moto. Mama Mita alizima, akashuka, akasukuma kilomita sita huku mkoba ukiwa umening'inia shingoni. Alipofika nyumbani alikuwa amekwisha kuamua kwamba hakuna mtu mwingine atakayeshika mpira wa pikipiki yake maadamu ana vidole kumi.

Akajifunza. Alijifunza kwamba pikipiki yake ni ya aina ya injekta, yaani petroli haitiririki tu kwa uzito wake bali husukumwa na pampu kwa nguvu hadi kwenye kidude cha chuma chenye ukubwa wa kidole gumba, nacho huinyunyizia ndani kama ukungu. Kwa hiyo mpira wowote wowote haufai. Unatakiwa ule wa kuhimili msukumo. Alijifunza kwamba injekta hukaa katikati ya pete mbili za mpira, ndogo kuliko pete ya kuchumbia na zenye maana zaidi, kwani zikikauka, petroli huvuja au hewa huingia, na pikipiki huanza kukohoa kwenye kilima kama mzee anayetaka kuulizwa hali yake. Alijifunza kwamba chini ya pampu kuna mpira, kwenye kifuniko cha tangi kuna mpira, na kati ya injini na mlango wa hewa kuna mpira mnene wa shingo ambao hakuna anayeukumbuka mpaka upasuke.

Na kwa kuwa vyote hivyo huzeeka kwa zamu, akavumbua kalenda yake. Kila mpira aliobadilisha aliufunga uzi, rangi moja kwa mwaka mmoja. Mwekundu, kijani, njano, mweupe, mweusi na kuendelea, kisha kuanza upya. Nyuzi hakuwa na haja ya kuzitafuta mbali. Aliolewa nazo.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba kilikuwa chake: cherehani, meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu chenye ufa, na saraka ya nyuzi iliyopangwa kwa namna ambayo mtu akiivuruga angesikia. Alikuwa mtu wa maneno machache na macho makali, na pikipiki hakuwahi kuiita pikipiki.

"Mume mwenzangu ameshindaje leo?" aliuliza kila jioni.

"Hajambo. Hajalalamika kuhusu mboga."

"Na mimi sikulalamika. Niliuliza kama chumvi imeisha dukani."

Ugomvi wa kweli ulikuwa mmoja tu, nao ni wa zamani. Mama Mita aliwahi kusafishia injekta juu ya meza ya kukatia, mumewe akiwa sokoni. Kesho yake mama wa bibi harusi alikuja kuchukua gauni, akaliinua puani, akalishusha. "Fundi," alisema, "mwanangu anakwenda kuolewa au anakwenda kujazwa tangi?" Tangu siku hiyo petroli ilipigwa marufuku ndani ya nyumba, na kazi zote zikahamia nyuma, kwenye meza ya mawe karibu na bomba, mbali na pasi na mbali na heshima za watu.

Jumatatu hiyo ya waraka, Mama Mita alirudi nyumbani akiwa ameukalia mto wa Bibi Dirisha na akiwa hana wasiwasi. Mipira yake yote ilikuwa na nyuzi. Isipokuwa mmoja, ambao angeufikiria baadaye, yote alikuwa ameibadilisha mmoja mmoja ndani ya miaka kumi, na nyuzi zilikuwa mashahidi. Lakini alipopanda kilima cha mwisho, pikipiki ilikohoa. Ikakohoa tena. Akaisukuma hadi uani, akafungua pembeni, akatazama mpira wa petroli. Ulikuwa na uzi wa njano. Njano ulikuwa mwaka juzi.

Akaupinda. Mpira wa miaka miwili hupindika na kunyamaza. Huu ulifunguka nyufa ndogo ndogo mgongoni, kama paji la uso la mtu aliyeulizwa swali asilolipenda. Akaugusa, akavuta kidole, kilitoka cheusi.

Uzi haujui kusema uongo. Kwa hiyo mwongo alikuwa mwingine.

"Baba Watoto," aliita. "Njoo mara moja."

Fundi alitoka akiwa na pini midomoni. Aliutazama mpira, akautazama uzi, akamtazama mkewe, kisha akazitoa pini moja moja na kuzichomeka kwenye mkono wa shati, kazi iliyomchukua muda mrefu kuliko idadi ya pini.

"Unakumbuka ulipokwenda kumuuguza dada yako?" alisema.

"Wiki ile ya mwaka jana."

"Niliona nikufurahishe. Nikaiosha."

"Uliiosha kwa nini?"

"Kwa brashi."

Mama Mita alikaa chini, juu ya ndoo.

"Nyuzi zikatoka," aliendelea fundi. "Si zote. Karibu zote. Nikazifunga tena."

"Kwa kufuata nini?"

"Kwa kufuata macho."

"Macho ya nani?"

"Mama, ulikuwa umefunga uzi mwekundu kwenye mpira mweusi. Mwekundu, kwenye mweusi, na pembeni kuna kijani. Nilivumilia miaka mingi kwa sababu sikuwa nimekaribia. Siku ile nilikaribia." Alinyoosha kidole. "Sasa ona njano hii hapa karibu na kipande cha shaba. Vinaongea."

"Vinaongea nini?"

"Vinapatana."

"Na ule mweusi kwenye mpira wa shingo?"

"Uzi mzuri hauonekani," alisema fundi, na katika kauli hiyo kulikuwa na kiburi kidogo cha kitaaluma ambacho hata hofu haikuweza kukizima.

Mama Mita aliutazama ule uzi wa njano. Alifikiria kwamba amelala miaka thelathini na moja kitanda kimoja na mtu ambaye angeweza kupanga upya makaburi ili majina yapendeze. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyeketi juu ya siafu mbele ya wakwe, na fundi, aliyekijua, akaenda kuleta chai.

Ukaguzi ulikuwa Ijumaa. Hakuna aliyejua tena umri wa kitu chochote.

Jumanne alasiri, baada ya kazi, walianza upya. Mpira hauna cheti cha kuzaliwa, una tabia, na tabia ndiyo ilibidi isomwe. Mama Mita alichomoa kila mmoja, akaupinda, akaubonyeza kwa ukucha na kuhesabu alama inachukua muda gani kupotea, akaunusa. Fundi alishika sinia. Uliokuwa laini ulikwenda kulia, uliokakamaa kushoto, na uliokuwa unaacha weusi kwenye vidole ulikwenda moja kwa moja kwenye ndoo ya taka, kwani la kuvunda halina ubani. Vilivyoenda ndooni vilikuwa mpira wa petroli, pete mbili za injekta na mpira wa chini ya pampu. Vya kubadilishia vilikuwapo: Mama Mita aliviweka kwenye kopo la giza chini ya kitanda, mbali na jua, jambo ambalo mumewe alikuwa amelilalamikia kwa miaka na sasa hakulitaja.

Ilipofika wakati wa kuvisha pete mpya, fundi, kwa moyo wa kutubu, alichovya kidole kwenye kopo la mafuta ya kujipaka.

"Hayo ni ya visigino," alisema Mama Mita bila kugeuka. "Pete ikiyapata inavimba kama uso wa mlevi. Tone moja la oili safi ya injini. Moja."

"Nilitaka isaidie kuingia."

"Na mimi nataka isaidie kubaki."

Injekta yenyewe ilikuwa imeziba. Aliiunganisha kwenye sirinji yenye dawa ya kusafishia, akaelekeza mdomo wake ndani ya chupa ya kioo, akagusisha nyaya zake kwenye betri, kugusa na kuachia. Ikasema tik. Ikatoa mchirizi mmoja wa kizembe, kama bomba la shule mwezi wa likizo. Akasukuma tena. Tik, mchirizi. Akairudishia dawa, akaiacha inywe, akajaribu tena. Mara ya sita ukungu ulitoka, mpana, mwembamba, wa duara, ukatanda kwenye kioo bila tone moja.

Fundi, aliyekuwa amesimama kando akijitahidi kutoonekana, akasogea. Kwa miaka thelathini alikuwa akijaza maji mdomoni na kuyapuliza juu ya kitambaa kabla ya kukipiga pasi. Alijua ukungu mzuri na ukungu mbaya, na alijua kwamba tone moja huacha doa.

"Hapo," alisema. "Sasa imejua."

Ilikuwa mara ya kwanza amsifu mume mwenzake, na Mama Mita alijifanya hakusikia ili asije akaikanusha.

Ukabaki ule mpira wa shingo. Huo haukuwahi kubadilishwa. Ulitoka kiwandani na pikipiki, na kiwanda, kwa kutojua madhara ya ukweli, kilikuwa kimechora mwaka kwenye ubavu wake, ndani ya kiduara kidogo. Kwa hesabu ya kiduara ulikuwa na miaka kumi na sita. Kwa mkono ulikuwa laini kama ndewe ya sikio, kwa sababu kila mwisho wa mwezi Mama Mita aliufuta vumbi na kuupaka glisirini kwa nje, kwa kitambaa, kama mtu anayempaka mama yake mzazi. Mpya haukupatikana. Muuza vipuri alisema wiki kumi. Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu anayetoa habari za mvua.

"Ng'ombe hazeeki maini," alisema Mama Mita.

"Lakini huyu kaandikwa mwaka ubavuni," alisema fundi.

Jumatano asubuhi Mama Mita alifuta kalenda yake ya rangi. Kuanzia hapo kungekuwa na nyuzi mbili tu, ili hata mtu mwenye jicho zuri asiweze kuharibu: kijani kwa mpira mpya, na zambarau kwa mpira ambao ni mzee ila ni mzima. Usiostahili uzi hata mmoja ulikuwa wa ndooni. Mpira wa shingo ulipata zambarau. Fundi aliuangalia uzi huo dhidi ya mpira mweusi, akafumba macho, akayafumbua, akakubali.

Alhamisi fundi hakutoka chumba cha mbele kutwa. Jioni alikuja na kitu kidogo kiganjani. Kilikuwa kifuniko cha kitambaa cheusi, kimekatwa kwa kipimo cha mpira wa shingo, chenye bitana na vifungo vitano vya ukubwa wa mbegu ya papai. Kilipovalishwa, kiduara cha mwaka hakikuonekana.

"Umeuvalisha suti," alisema Mama Mita.

"Ni kwa ajili ya vumbi."

Mama Mita alifikiri kidogo. Kuficha mwaka si kusema uongo. Wanawake wa ukoo wake walikuwa wamefanya hivyo kwa vizazi vitatu na wakazikwa kwa heshima. Akaacha.

Ijumaa saa tatu mkaguzi alifika. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye viatu vilivyong'aa, na watu walimwita Bwana Muhuri kwa sababu hakuachana na kopo la biskuti ambalo ndani yake, kwenye leso, kulilala muhuri wa idara. Pikipiki alikuwa akiziogopa. Aliwahi kuanguka na moja akiwa chuoni, na tangu hapo alizikagua akiwa amechuchumaa hatua mbili mbali, kama mtu anayezungumza na mbwa wa watu.

Meza iliwekwa uani. Bibi Dirisha alifungua dirisha lake lote, pande mbili, kitu ambacho walalamikaji hawakuwahi kukiona.

"Washa, mama," alisema Bwana Muhuri.

Mama Mita aligusa. Iliwaka kwa mguso mmoja na kubaki ikiunguruma kwa utaratibu wa cherehani iliyotiwa mafuta. Mkaguzi aliandika. Akasogea hatua moja, akachungulia.

"Hii ni nini?"

"Vazi."

"Vazi la nini?"

"La mume wangu. Kashona mwenyewe."

"Nimeuliza la nini, sijauliza la nani."

"La vumbi, mwanangu."

"Naomba ulifungue."

Vifungo vilikuwa vitano. Mama Mita alivifungua kama mtu mwenye siku nzima, na cha tano kilikuwa kigumu kuliko vyote. Kiduara kikaonekana. Mkaguzi alinyoosha shingo bila kunyoosha miguu, akasoma, akahesabu kwa midomo, akaandika 16 kwa penseli kwenye safu ya Umri.

"Mama, huu umekufa."

"Umeugusa?"

"Waraka hautaki kugusa."

"Nimekuuliza wewe, sikuuliza waraka."

Bwana Muhuri hakuwa mtu mbaya. Alisema pole, na alimaanisha. Kisha akafungua kopo la biskuti, akafunua leso, akabonyeza muhuri kwenye wino, akaugonga juu ya karatasi.

Hakikutoka kitu. Labda si haki kusema hivyo. Ilitoka nusu ya duara na alama mfano wa mguu wa sisimizi. Akabonyeza tena. Akaupulizia pumzi, kama makarani wote wafanyavyo, akagonga. Sisimizi akapata mguu wa pili. Kanuni zilikuwa wazi kwamba muhuri usiosomeka ni doa, na kwamba uamuzi wenye doa si uamuzi. Mkaguzi aliinua mkono akaupiga muhuri juu ya ukingo wa meza.

"Usiupige," alisema Mama Mita.

Hapo ndipo mtu mwenye akili za kujilinda angekaa kimya. Muhuri ukifa, hakuna uamuzi. Pasipo uamuzi, kuna Jumatatu nyingine, na nyingine. Bibi Dirisha, aliyekuwa na akili hizo, alimkonyeza kwa jicho lote. Lakini Mama Mita alikuwa amekwisha kuuona uso wa ule muhuri, mpira uliokauka, wino wa miaka umeganda katikati ya herufi kama ugaga wa meno, kingo zinaanza kukunjamana, na kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyatazama.

"Nipe," alisema.

"Huu haushikwi na mtu mwingine, mama. Ni sheria."

"Basi wewe shika mpini. Mimi nitashika mpira."

Wakafanya hivyo. Mkaguzi alikaa amekamata mpini kwa mikono miwili kama mtu anayebatizwa, na Mama Mita, upande wa pili, alifuta uso wa muhuri kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, akapitisha kijiti cha kiberiti kwenye mitaro ya herufi, akaukausha kwa pindo la kanga yake, kisha akatoa kwenye mkoba kichupa cha glisirini.

"Mama Mita," ilisema sauti kutoka dirishani, "unamnolea kisu mchinjaji wako."

"Kisu kina kosa gani?"

Akapaka tone, akalisambaza kwa kidole, taratibu, akaomba nusu saa liingie. Wakakaa. Si rahisi kukaa nusu saa umeshikana muhuri na mtu bila mazungumzo.

"Una miaka mingapi huu?" aliuliza Mama Mita.

"Nimeukuta. Naye mwenzangu aliukuta."

"Angalia chini ya mpini. Wachongaji huwa wanaandika."

Aligeuza. Kulikuwa na mwaka, umechongwa kwa kisu. Midomo ya mkaguzi ikahesabu, ikafika mwisho, ikahesabu tena kutokea upande mwingine. Jibu lilikuwa lile lile, mbali kupita kumi, na hakulisema. Bibi Dirisha, ambaye alikuwa amesogeza kiti, alilisoma usoni kwake.

"Nusu saa imetimia," alisema Mama Mita.

Mkaguzi aliugonga nyuma ya bahasha kuukuu. Duara likatoka zima. Jina la idara likatoka, na katikati, mahali ambapo siku zote kulikuwa na vumbi la wino, ikatoka nyota ndogo yenye ncha tano.

"Kuna nyota," alisema Bwana Muhuri polepole. "Mwaka wa tano natumia huu muhuri. Sikujua kuna nyota."

Alikaa akiitazama. Kisha akainuka, akaimaliza hata ile hatua moja iliyokuwa imebaki kati yake na pikipiki, akanyoosha kidole, akaubonyeza mpira wa shingo. Ulibonyea, ukarudi. Akaubonyeza tena, mahali pengine, kama mtu anayenunua embe na hataki kuonekana anapenda.

"Na huu uzi wa zambarau ni wa nini?"

"Mzee ila mzima."

"Mnaupaka kitu gani?"

"Hicho hicho nilichoupaka muhuri wako."

Alirudi mezani. Alichukua kifutio, akafuta ile 16 hadi karatasi ikawa na manyoya, akaandika kwenye safu ya Umri: Tazama Hali. Kwenye safu ya Hali aliandika: Mzee ila mzima. Kisha akagonga, na nyota ikatoka.

"Mwanangu," Bibi Dirisha aliuliza, "na waraka je?"

"Waraka unasema uamuzi wa mkaguzi, ukishapigwa muhuri, hauna rufaa," alisema Bwana Muhuri, akafunga kopo.

Bibi Dirisha alikubali kushindwa, ila si kwa kila kitu. Jioni alimsimamisha Mama Mita getini.

"Rudisha mto wangu."

"Uliufuma kwa ajili ya makalio yangu au kwa ajili ya kiti?"

"Kwa ajili yako."

"Basi ninao." Mama Mita aliwasha, akatulia kidogo, akaongeza: "Nitakuwa napita Jumatano, saa ya chai. Ile hadithi ya mjomba wako na bomba, hukuimaliza."

"Ni ndefu."

"Nina mto."

Nyumbani fundi aliuliza mume mwenzake ameshindaje, akaambiwa amefaulu, ila walimvua nguo mbele za watu. Alifikiri juu ya hilo akitafuna, kisha akauliza kama kuna aliyevisifu vile vifungo.

Paka wa kwenye tangazo alipatikana, na zamu za kufagia zimebadilika mara tatu. Waraka namba kumi na nne haukufutwa. Uko pale pale ubaoni na kila robo mwaka hugongwa upya, kama nyaraka zote zilizo hai. Siku hizi nyota inaonekana vizuri. Muhuri unalala kwenye kopo la biskuti, na mpini wake umefungwa uzi wa zambarau, kwa fundo la kishonaji lisiloonyesha mwisho.